Siku saba juu ya Canal du Midi: tathmini ya likizo ya chombo cha kukodi kusini mwa Ufaransa

Likizo ya chombo juu ya mfereji wa Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa, inastahili gharama zake, lakini kwa sharti moja ambalo mkodishaji wetu hakututajia: ni lazima msafiri aikate nusu ile safari anayopangiwa. Tulisafiri watu watano katika likizo ya Pasaka ya shule, mimi na mke wangu, wanetu wawili wa miaka 11 na 14, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Pangani. Tulikichukua chombo mashariki kidogo ya Carcassonne na kukirejesha si mbali na Béziers baada ya siku saba. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu tulipokuwa tukijiandaa sikupata maelezo ya Kiswahili hata ya ukurasa mmoja kuhusu safari za namna hii, na mambo mengi ambayo yangetufaa tuliyajua tukiwa tumekwisha kuondoka gatini.

Kwanza nieleze kinachouzwa. Mtu hukodi chombo chenye injini, vyumba vya kulala, jiko, bafu na choo, kisha hukiendesha mwenyewe bila nahodha. Hahitaji leseni, sheria ya Ufaransa inaruhusu vyombo hivi vya kukodi viendeshwe na mtu yeyote mzima baada ya kupewa mafunzo mafupi na mkodishaji. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mferejini ni kilomita 8 kwa saa, na kwa kweli mara nyingi tulikwenda 6, kwa sababu chombo kikizidisha kasi huinua mawimbi yanayokula kingo za udongo. Mtu anayekimbia kwa mazoezi kwenye njia ya ukingoni anakupita. Mfereji hufungwa majira ya baridi kwa ajili ya matengenezo, na bei hupanda sana mwezi wa Julai na Agosti. Kwa hiyo Aprili na Mei, na baadaye Septemba, ndiyo miezi ambayo ningemshauri ndugu yangu.

Chombo chenyewe kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Kilikuwa na urefu wa karibu mita 12, sitaha pana yenye meza, usukani wa nje na mwingine wa ndani kwa siku za mvua, na jiko la gesi lililowezesha mama kupika chapati kila asubuhi bila taabu. Magodoro yalikuwa safi na maji ya moto yalitosha kila injini ilipokuwa imefanya kazi kwa saa mbili au tatu. Kasoro ilikuwa ngazi ya kutoka sebuleni kwenda sitahani, ambayo ni nyembamba na yenye mwinuko mkali; mama ana miaka 68, na kila aliposhuka ilibidi mmoja wetu asimame chini yake. Anayesafiri na mzee aulize mapema kuhusu vyombo vya sitaha moja, ambavyo usukani, sebule na vyumba viko karibu usawa mmoja. Vipo, na havina bei kubwa zaidi.

Makabidhiano, kwa upande mwingine, yalinisikitisha. Kijana aliyetupokea alikuwa na familia nyingine tatu zikimsubiri, na mafunzo ambayo maisha ya watoto wangu yangeyategemea yalichukua dakika 35. Alituonyesha namna ya kuwasha injini, kujaza tangi la maji na kusukuma maji machafu ya bafuni, kisha akatupitisha lango moja la maji akiwa ameshika usukani yeye mwenyewe na akaruka kurudi nchi kavu. Habari kwamba matumizi ya injini hulipwa kwa saa, juu ya bei ya kukodi, tuliipata pale wakati wa kuweka sahihi. Breki za baiskeli mbili kati ya tatu tulizolipia hazikufanya kazi. Simtaji mkodishaji, kwa sababu nimesoma malalamiko yanayofanana na haya kuhusu wengine pia. Ninachomwomba msomaji ni akatae kuondoka gatini mpaka yeye mwenyewe ameshika usukani kupita lango moja akiwa na mwalimu pembeni yake, hata kama wanaosubiri nyuma watanung'unika.

Nasisitiza hili kwa sababu malango ya maji ndiyo kazi halisi ya likizo hii, na ndiyo hatari yake pekee ya kweli. Mfereji hauwezi kuteremka mlima kama mto unavyoteremka. Lazima ushuke kwa ngazi, na kila ngazi ni chumba cha mawe chenye milango mizito mbele na nyuma. Chombo kinachoelekea bahari ya Mediterania huingia chumbani maji yakiwa juu, mlango wa nyuma hufungwa, matundu ya mlango wa mbele hufunguliwa, na maji huanza kupungua chini yako mpaka usawa wake ulingane na wa mfereji ulio mbele. Muda wote huo watu wawili hushika kamba, mmoja omo, yaani mbele ya chombo, na mmoja tezi, yaani nyuma, zikiwa zimezungushwa kwenye nguzo za ukutani lakini hazikufungwa fundo kamwe. Kamba iliyofungwa fundo hukining'iniza chombo ubavu mmoja maji yanaposhuka. Hatari ya pili ni kizingiti cha mawe kilichojificha chini ya maji karibu na mlango wa nyuma: chombo kilichorudi nyuma kupita alama iliyochorwa ukutani kinaweza kukalia tezi juu ya kizingiti hicho huku omo ikizama. Mambo haya mawili tuliyasikia kwa mtunza lango mmoja mwenye subira, siku ya pili, baada ya kuona jinsi mwanangu alivyoishika kamba.

Kati ya Trèbes na Argens-Minervois malango hufuatana kwa karibu, mengine yakiwa mawili au matatu yaliyounganishwa, na siku zetu mbili za kwanza zilikwisha humo. Watunza malango hupumzika kwa chakula cha mchana, kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, na jioni hufunga kabisa, kwa hiyo ukichelewa dakika tano unalala ulipo. Mkodishaji alikuwa ametuhesabia safari kana kwamba malango yote yangekuwa wazi tukifika. Tulifika kila moja tukiwa na wasiwasi wa saa, tukagombana kuhusu kamba, na usiku wa pili mke wangu aliniuliza kwa nini tumelipia likizo ili tufanye kazi ya ubaharia kwa haraka. Swali hilo lilikuwa la haki. Jambo moja tulilofanya sawasawa, ingawa kwa bahati, ni kwenda mashariki: anayeshuka huingia chumbani akiwa usawa wa ukingo, na hata mtoto anaweza kukanyaga nchi kavu na kamba yake mkononi, wakati anayepanda hujikuta chini ya ukuta mrefu wenye utelezi akirusha kamba juu.

Hata katika haraka ile, vyumba hivyo vilinivutia. Havina umbo la sanduku. Kuta zake zimepindwa kwa nje kama ubavu wa mtumbwi. Sababu yake ni ajali. Mwanzoni mwa ujenzi, chumba kilichojengwa kwa kuta zilizonyooka kiliporomoka kwa uzito wa udongo, na mjenzi, Pierre-Paul Riquet, akaamua kuzipinda ili kila ukuta uwe kama tao lililolala, ambalo kadiri udongo unavyolisukuma ndivyo mawe yake yanavyozidi kubanana. Tulikuwa tukiteremka ndani ya uamuzi wa zaidi ya miaka 340, na bado unafanya kazi.

Riquet hakuwa mhandisi. Alikuwa mtoza kodi ya chumvi, mzaliwa wa Béziers, aliyemwandikia Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14, kwamba inawezekana kuunganisha Atlantiki na Mediterania bila vyombo kulazimika kuizunguka Hispania. Wazo la mfereji lilikuwa la zamani. Kilichowashinda wote ni maji. Sehemu ya juu kabisa ya njia, Seuil de Naurouze, iko karibu mita 190 juu ya usawa wa bahari, na kila chombo kinachoshuka kutoka hapo, upande wowote, huondoka na chumba kizima cha maji kisichorudi. Riquet aliyatafuta maji hayo katika vijito vya Montagne Noire, akayakusanya nyuma ya ukuta wa bwawa kubwa la Saint-Ferréol, kisha akayaleta Naurouze kwa mitaro mirefu inayofuata miteremko ya milima. Kazi ya mfereji ilianza mwaka 1666, ikatumia wafanyakazi wapatao 12,000 ilipokuwa imepamba moto, wanawake wakiwemo, na akawalipa mshahara wa mwezi uliohesabu hata siku za mvua, jambo lisilo la kawaida katika karne ile. Alimimina humo mali yake mwenyewe na kufa akiwa na madeni mwaka 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa Mei 1681. Urefu wake ni kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la chumvi la Thau, na tangu 1996 uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ninayaeleza haya katika tathmini ya likizo kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa katika kijitabu tulichopewa, ambacho kilijaa picha za bilauri za mvinyo, na ninaamini kwamba msafiri asiyejua maji yaliyo chini yake yametoka wapi amelipia nusu tu ya alichokiona.

Kuna huzuni moja ambayo picha za matangazo huificha. Canal du Midi inajulikana kwa safu mbili za miti ya platani, mirefu, iliyoinamiana juu ya maji kama dari, ambayo ilipandwa kwa wingi katika karne ya 19. Kivuli chake hupunguza uvukizi na mizizi yake hushikilia kingo. Ilikuwa ipatayo 42,000. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba kuvu aina ya Ceratocystis platani imeingia, ugonjwa usio na tiba, unaosemekana kuletwa Ufaransa na mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hupita kutoka mti hadi mti kwa mizizi, kwa maji, na kwa majeraha ya magome yanayogongwa na vyombo. Mti ulioambukizwa hukatwa na kuchomwa, pamoja na miti iliyo jirani yake, na maelfu kwa maelfu imekwisha kwenda hivyo. Mashariki ya Trèbes tulipita kilomita nyingi chini ya jua tupu, kati ya miche michanga ya aina mbalimbali iliyofungwa kwenye vijiti. Mama, ambaye amezoea kuona mnazi ukikatwa na kupandwa mwingine, alitazama miche ile akahesabu kwa vidole umri watakaokuwa nao wajukuu zake itakapotoa kivuli. Kwa ajili ya ugonjwa huo ni marufuku kabisa kufunga kamba kwenye mti. Chombo hutolewa pamoja na vigingi vya chuma na nyundo, na hakikisha vimo kabla hujaondoka, kwa sababu chetu kilikuwa na kigingi kimoja badala ya viwili.

Kilichotuokoa ni upepo. Baada ya lango la Argens mfereji haushuki tena kwa kilomita 54. Riquet aliufanya ufuate mizunguko ya vilima kwa usawa mmoja hadi Béziers, kwa hiyo hakuna lango hata moja njiani. Hapo tulidhani tungefidia muda. Tulivuka daraja la Répudre, la mwaka 1676, ambalo ni miongoni mwa madaraja ya kwanza kabisa duniani kubeba mfereji unaopitika juu ya mto mwingine, na tulikuwa tumefika kijiji cha Le Somail siku ya nne asubuhi wakati upepo wa kaskazini-magharibi, ambao wenyeji huuita Cers, ulipoanza kuvuma kwa nguvu. Vyombo hivi vina tumbo bapa na ubavu mrefu. Havina mkuku wa kushika maji, na upepo huvisukuma kama kopo tupu. Mara mbili tulijaribu kuondoka na mara mbili tukarudishwa ukingoni. Mzee mmoja wa Kifaransa aliyekuwa amefunga jirani yetu alishuka, akatusaidia kugongomea kigingi chetu kimoja na kutuazima cha pili, kisha akasema tukae mpaka kesho.

Tulikaa siku nzima na nusu, na ndipo likizo ilipoanza. Le Somail ni kijiji kidogo kilichozaliwa na mfereji wenyewe, mahali ambapo abiria wa zamani walilala njiani: daraja la mawe lenye mgongo kama wa ngamia, kanisa dogo lililoshikana na daraja hilo, nyumba za wageni, na duka kubwa la vitabu vikuukuu ndani ya ghala la zamani, ambamo binti yangu alipotea kwa saa tatu. Mke wangu na mama walitembea hadi kwenye mashamba ya mizabibu na kurudi na zeituni za kijani za aina ya Lucques, zilizopinda kama mwezi mchanga na zenye ladha ya siagi, ambazo ni fahari ya eneo hilo. Mwanangu alijifunza fundo tano kwa yule mzee. Mimi niliketi tezi nikitazama maji yasiyokwenda popote, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi sikuwa nikihesabu kilomita. Kama upepo ule usingevuma, tungekipita kijiji hicho kwa dakika 12, kama ratiba yetu ilivyotaka.

Kuhusu chakula, niwaeleze wasomaji Waislamu moja kwa moja. Mkahawa wa ukingoni katika nchi hii hupika kwa mvinyo na mafuta ya bata au nguruwe, na ile sahani mashuhuri ya maharage iitwayo cassoulet, ambayo mji wa Castelnaudary unajivunia, kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe au soseji yake. Samaki wa kuchoma na saladi hupatikana, lakini uliza. Njia bora ni kutumia jiko la chombo. Nunua nyama ya halali Carcassonne kabla ya kuanza, au Narbonne na Béziers, miji yenye wachinjaji wengi wenye asili ya Afrika Kaskazini, na ununue mboga, mkate na jibini katika masoko ya vijiji. Sisi tulikula nje mara mbili tu kwa wiki nzima, na sikuona tumekosa kitu.

Siku mbili za mwisho tulikwenda polepole kwa kupenda. Katika Capestang kuna daraja la zamani lenye tao jembamba na la chini kiasi kwamba wakodishaji hulitumia kama kipimo cha vyombo vinavyoweza kupita mferejini. Wote walio sitahani waketi, na mwavuli ulazwe mapema. Mbele yake ni handaki la Malpas, lenye urefu wa mita 160 hivi, lililochimbwa mwaka 1679 na kuhesabiwa kuwa la kwanza duniani kuchimbwa kwa ajili ya mfereji wa vyombo. Tulifunga chombo karibu nalo na kupanda kwa miguu hadi Ensérune, magofu ya mji wa kale yaliyo juu ya kilima. Kutoka hapo mtu huona bonde la Montady, ambalo lilikuwa ziwa la kinamasi mpaka watu wa karne ya 13 walipolikausha kwa mitaro inayokutana katikati, na leo mashamba yake yamekaa kama vipande vya chungwa lililokatwa. Maji yake hutolewa kwa njia iliyochimbwa chini ya kilima hicho hicho cha Malpas. Baadaye reli nayo ikapitishwa humo. Kilima kimoja, basi, kimetobolewa mara tatu na watu wa zama tatu. Mama, ambaye tulimwacha kwenye benchi katikati ya njia kwa ajili ya magoti yake, alitaka aelezwe yote haya tuliporudi, na ilibidi nimchoree.

Fonserannes, nje ya Béziers, ni ngazi kuu: ilijengwa kwa vyumba 8 vilivyoungana na milango 9, ikiteremka zaidi ya mita 20 mbele ya macho ya watalii waliojaa kingo zote mbili. Vyombo huruhusiwa kushuka kwa saa maalumu na kupanda kwa saa nyingine, kwa hiyo fika mapema na uulize. Tulishuka humo kamba zikiwa mikononi mwa watoto, bila kelele na bila fundo, kisha tukavuka daraja linalobeba mfereji juu ya mto Orb, lililojengwa katikati ya karne ya 19 ili vyombo visilazimike tena kukatiza mto wenyewe wakati wa mafuriko.

Wakati wa kurejesha chombo mita ya injini ilionyesha saa 31, na malipo yake yalikatwa kwenye dhamana bila ubishi. Kwa ajili ya baiskeli nilirudishiwa nusu ya fedha baada ya kuonyesha picha nilizopiga siku ya kwanza; piga picha za kila kitu. Kwa familia yenye watoto wadogo kuliko miaka saba singeipendekeza safari yenye malango mengi, na kuogelea mferejini ni marufuku, jambo ambalo watoto wanapaswa kuambiwa kabla ya kufika. Kwa watu wazima wawili peke yao inawezekana, ila mmoja atakuwa kambani na mwingine usukanini bila wa tatu wa kutazama ukuta. Kwa wengine wote naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naiondoa kwa sababu ya makabidhiano, na kwa sababu ya ratiba iliyoandikwa na mtu anayedhani kwamba kilomita ndizo zinazouzwa.

Tumekwisha kuomba chombo kwa Aprili ijayo, chenye sitaha moja, kwa mkodishaji mwingine. Tutakuwa nacho siku saba kati ya Argens na Capestang, kwenda na kurudi, mwendo ambao mtu mwenye haraka angeumaliza kwa siku mbili.